Timazi ya Uso: Historia ya Mstari wa Kati wa Meno na Urekebishaji Wake, kutoka Nyaya hadi Vifuniko Angavu

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya mstari wa kati wa meno, yaani mpaka unaopita baina ya meno mawili ya mbele ya kila taya, na namna taaluma ya upangaji meno ilivyoufanya mkengeuko wake kuwa tatizo la kutibiwa. Yakifuata maandishi ya taaluma hiyo tangu Ufaransa ya karne ya 18 hadi Marekani ya karne ya 20 na utafiti uliofanywa Dar es Salaam mwanzoni mwa karne ya 21, makala yanajenga hoja kwamba vifaa vya tiba vilibadilika kwa kasi kuliko maswali mawili ya msingi: mstari umehama kwa sababu gani, na ni jicho la nani linaloamua kwamba umehama? Inaoneshwa kwamba mjadala wa sasa kuhusu ubora wa nyaya au vifuniko angavu vya plastiki hauwezi kueleweka bila kurejea maswali hayo.

1. Utangulizi

Katika kiti cha tabibu wa meno, kipimo cha mwanzo cha mstari wa kati hakihitaji mashine. Mgonjwa huketi wima na kutazama mbele, kisha uzi mwembamba hunyooshwa kutoka katikati ya nyusi, ukapita kwenye ncha ya pua na kifereji kilicho juu ya mdomo, hadi kidevuni. Tabibu huangalia iwapo mpaka wa meno mawili ya mbele ya taya la juu unaangukia chini ya uzi huo, kisha iwapo mpaka wa meno ya taya la chini unakutana na ule wa juu. Ni kazi ile ile afanyayo mwashi anapoteremsha timazi ukutani. Tofauti ni kwamba ukuta hujengwa kwa kufuata timazi, ilhali uso wa mwanadamu haukujengwa hivyo. Pua yaweza kupinda, kidevu kikaelemea upande, na nusu mbili za uso zisilingane hata kwa mtu ambaye kila amwonaye humwita mzuri.

Historia ya othodontia, yaani taaluma ya upangaji meno na mataya, huandikwa mara nyingi kama historia ya vifaa. Ukanda wa chuma ulifuatwa na waya wa upinde, waya ukafuatwa na vibanio vinavyogandishwa kwenye meno, na vibanio vikafuatwa na vifuniko angavu. Masimulizi ya namna hiyo yana faida ya mpangilio, lakini huacha kando jambo moja. Kifaa hujibu swali, na swali hilo lina historia yake. Ili mstari wa meno uliohama milimita mbili kuelekea kushoto uhesabiwe kuwa kasoro, ilibidi kwanza pawepo watu wenye sababu ya kuupima, kipimo cha kuupimia na mfano wa uso uliochukuliwa kuwa sahihi. Makala haya yanafuatilia jinsi mambo hayo matatu yalivyokutana.

2. Jino moja kabla ya mstari

Ushauri wa kusogeza meno ni wa kale. Mwandishi wa Kirumi Celsus, katika karne ya 1, alielekeza kwamba jino la kudumu likichomoza kabla ya lile la utotoni kutoka, la utotoni ling'olewe na lile jipya lisukumwe kwa kidole kila siku hadi likae mahali pake. Katika maelekezo hayo, kizio cha tiba ni jino moja na nafasi yake.

Mwaka 1728 Pierre Fauchard alichapisha Paris kitabu chake juu ya kazi ya tabibu wa meno, ambacho wanahistoria wengi hukihesabu kuwa mwanzo wa taaluma hiyo katika umbo lake la kisasa. Humo alieleza ukanda wa madini uliotobolewa matundu, ambao ulifungwa kwa nyuzi kwenye meno ili yale yaliyotoka nje ya safu yavutwe kuelekea kwenye mkunjo wa ukanda. Hapa kizio kilipanuka, kwani jino sasa lilitazamwa kama sehemu ya safu. Hata hivyo, ukanda huo ulisukuma taji la jino tu, na mzizi wake ulibaki nyuma ukiinama. Tatizo hilo la taji na mzizi ni la kukumbukwa, kwa kuwa linarejea karibu karne tatu baadaye katika umbo la plastiki.

Katika karne ya 19 mjini New York, Norman Kingsley, tabibu aliyekuwa pia mchongaji wa sanamu, alielekeza macho ya wenzake kwenye uso mzima. Kitabu chake cha mwaka 1880 juu ya kasoro za kinywa kiliweka meno, kaakaa na sura ya mtu katika fungu moja la masuala. Tangu hapo ilikuwa vigumu kuzungumzia safu ya meno bila kuzungumzia uso unaoibeba. Njia ya kuelekea kwenye uzi wa katikati ya uso ilikuwa imefunguka.

3. Angle na mstari kama dalili

Mabadiliko makubwa yalikuja na Edward Hartley Angle (1855–1930). Mwaka 1899 alichapisha mfumo wa kuainisha mfungano wa meno kwa kutumia magego ya kwanza ya kudumu. Katika daraja la kwanza magego ya juu na ya chini hukutana inavyotakiwa. Katika daraja la pili safu ya chini iko nyuma mno ikilinganishwa na ya juu, na katika la tatu iko mbele mno. Mwaka 1900 alianzisha shule ya taaluma hiyo mjini St. Louis, na kupitia wanafunzi wake uainishaji huo ukawa lugha ya kila siku ya matabibu.

Jambo ambalo halipewi uzito wa kutosha ni kwamba mfumo wa Angle ulikuwa na vijidaraja. Mtu aliweza kuwa na mfungano wa daraja la pili upande mmoja, na upande wa pili magego yakakutana vyema. Kwa mstari wa kati, hapo ndipo penye kiini cha mambo. Safu ya chini ikiwa imerudi nyuma upande wa kulia pekee, meno ya mbele ya chini huelekea kulia, na mpaka wake hauonani tena na ule wa juu. Mkengeuko unaoonekana mbele ni matokeo ya tofauti iliyoko nyuma. Karibu miaka 100 baadaye, uchunguzi wa Janson na wenzake uliochapishwa 2001 ulithibitisha picha hiyo kwa vipimo vya eksirei. Katika kijidaraja cha namna hiyo, chanzo kikuu kilikuwa gego la chini lililokaa nyuma zaidi upande wenye hitilafu, na mstari uliohama mara nyingi ulikuwa wa chini.

Kwa Angle, basi, mstari wa kati ulikuwa dalili. Magego yakirudishwa mahali pake kila upande, na kila jino likabaki katika safu, mstari ulitarajiwa kujirekebisha. Mantiki hiyo ilidumu. Lawrence Andrews alipochapisha mwaka 1972 funguo sita za mfungano sahihi, alizozipata kwa kuchunguza vielelezo 120 vya meno mazuri ambayo hayakuwahi kutibiwa, hakuufanya mstari wa kati kuwa ufunguo unaojitegemea. Magego yakikutana sawasawa pande zote mbili, pasiwe na nafasi wala meno yaliyojisokota, na meno yakiwa na ukubwa unaolingana, mstari hauna pengine pa kwenda.

Sharti hilo la mwisho, la ukubwa wa meno, si dogo. Wayne Bolton alionesha mwaka 1958 kwamba jumla ya upana wa meno ya chini inapaswa kuwa na uwiano maalumu na ile ya juu: takriban asilimia 91.3 kwa meno 12 ya kila taya, na asilimia 77.2 kwa meno sita ya mbele. Mtu mwenye jino dogo la pembeni upande mmoja hawezi kupata mistari inayokutana pamoja na magego yanayokutana, hata akivaa waya kwa miaka mingi. Ama jino liongezwe upana, ama mengine yapunguzwe, ama mkengeuko ukubaliwe.

Upande wa vifaa, Angle alipitia hatua kadhaa hadi kufikia, katika miaka ya 1920, kibanio chenye mfereji wa mstatili unaopokea waya wa mstatili. Ubora wake ulikuwa katika pembe zake. Waya wa mviringo huzunguka ndani ya mfereji, lakini wa mstatili hukamata, na kwa hiyo huweza kuusogeza mzizi pamoja na taji. Kasoro iliyoachwa na ukanda wa Fauchard ilipata jibu.

4. Kung'oa au kutong'oa

Angle aliamini kwamba mfungano mzuri na uso mzuri hupatikana pale tu meno yote yanapohifadhiwa. Calvin Case alipinga. Mwaka 1911, katika mjadala maarufu wa chama cha kitaifa cha matabibu wa meno cha Marekani, Case alitetea kung'oa baadhi ya meno pale ambapo kuyabakiza kungeharibu sura ya mgonjwa, naye Martin Dewey alisimama upande wa Angle. Kwa kizazi kimoja upande wa Angle ulitawala. Baadaye mwanafunzi wake mmoja, Charles Tweed, aliyefanya kazi Arizona, aliona meno ya wagonjwa wake yakirudi yalikotoka na nyuso zao zikiwa zimetokeza mno. Aliwatibu upya baadhi yao kwa kung'oa magego madogo, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1940 aliweka matokeo hayo mbele ya wenzake. Mizani ikageuka.

Kwa historia ya mstari wa kati, ushindi wa Tweed ulikuwa na maana isiyotajwa sana. Meno yaking'olewa pande zote mbili, nafasi hugawanyika kwa usawa. Lakini mara kung'oa kulipokubaliwa, liliwezekana pia jambo ambalo Angle asingelikubali, nalo ni kung'oa upande mmoja ili meno ya mbele yavutwe kuelekea upande huo na mstari urudi katikati. Kwa wagonjwa wenye vijidaraja vya Angle, mpango wa kung'oa magego madogo matatu badala ya manne ulikuja kuwa miongoni mwa njia zinazotambuliwa. Hapa mstari uliacha kuwa dalili tu. Ulikuwa miongoni mwa sababu za kutoa jino zima lisilo na ugonjwa.

Uzito wa uamuzi huo hauhitaji kupambwa. Waya hufunguliwa, na kibanio hubanduliwa. Gego lililong'olewa halirudi. Ikiwa mstari ulihama kwa sababu safu imesogea, nafasi iliyopatikana huurudisha. Ikiwa ulihama kwa sababu taya lenyewe limeelemea upande, jino litakuwa limetolewa ili meno yainamishwe juu ya mfupa usio sawa, na uso utabaki ulivyokuwa.

5. Kutafuta chanzo

Chombo cha kutofautisha hali hizo kilipatikana mwaka 1931, pale B. Holly Broadbent nchini Marekani na Herbert Hofrath nchini Ujerumani, kila mmoja kwa upande wake, walipochapisha njia ya kupiga picha za eksirei za kichwa kilichotulizwa katika mkao mmoja. Picha ya ubavuni ndiyo iliyopata umaarufu zaidi, kwa kuwa mjadala wa wakati huo ulihusu mbele na nyuma: meno yametokeza kiasi gani, kidevu kimerudi kiasi gani. Picha ya mbele, ambayo ndiyo ionyeshayo kulia na kushoto, ilitumika kidogo. Kwa miongo kadhaa taaluma ilikuwa na takwimu nyingi za uso unaotazamwa ubavuni, ilhali watu hutazamana ana kwa ana.

Maandishi ya robo ya mwisho ya karne ya 20 yalijaribu kuziba pengo hilo. Jerrold na Lowenstein mwaka 1990, na Charles Burstone mwaka 1998, walisisitiza kwamba mkengeuko wa mstari haupaswi kupangiwa tiba kabla ya chanzo chake kujulikana. Kwa ufupi, vyanzo vinne vinatofautishwa. Cha kwanza ni mwinamo wa meno: mizizi iko mahali pake, lakini mataji yameegemea upande, mara nyingi baada ya chonge la utotoni kutoka mapema au jino kukosekana. Cha pili ni kusogea kwa safu nzima ya upande mmoja, kama katika vijidaraja vya Angle. Cha tatu ni mwendo wa taya: meno ya juu na ya chini hugongana vibaya wakati wa kufunga, na taya la chini hulazimika kuteleza pembeni ili kupata pa kutua. Cha nne ni mfupa wenyewe, pale taya lilipokua zaidi upande mmoja au lilipovunjika utotoni karibu na kiungo chake.

Kipimo cha kutambua chanzo cha tatu ni rahisi. Mgonjwa hufungua kinywa, kisha hufunga polepole. Mistari ikiwa inaonana kinywa kikiwa wazi na kuachana meno yanapokutana, tatizo ni mteremko wa taya na si meno ya mbele. Kwa mtoto, hali hiyo mara nyingi hutibiwa kwa kupanua taya la juu. Methali ya samaki kukunjwa angali mbichi ina maana ya kibiolojia hapa, kwa kuwa kaakaa la mtoto lina mshono ambao haujafungamana, na nafasi hiyo hupungua kadiri umri unavyosonga.

Kwa chanzo cha pili, silaha ya siku nyingi imekuwa raba za kuvuta kati ya taya na taya, ambazo matumizi yake yalianza kuenea mwishoni mwa karne ya 19. Raba huelekezwa mbele upande mmoja na nyuma upande wa pili, au huvutwa kimshazari mbele ya meno. Gharama yake ilijulikana: raba haivuti kando tu, bali huvuta pia juu na chini, na ikitumika kwa muda mrefu yaweza kuinamisha safu nzima, hivi kwamba mstari ukirudi katikati, tabasamu hubaki limeenda mshazari. Ndiyo sababu skrubu ndogo zinazopachikwa kwa muda katika mfupa wa taya zilipokelewa kwa hamu. Creekmore na Eklund waliripoti mwaka 1983 matumizi ya skrubu ya namna hiyo, na Kanomi wa Japani akaeleza mwaka 1997 skrubu ndogo zaidi. Kwa mara ya kwanza safu ya upande mmoja iliweza kuvutwa bila kutegemea upande wa pili kama nguzo. Kwa chanzo cha nne, hata skrubu hizo zina mpaka. Mkengeuko mkubwa wa mfupa ni kazi ya upasuaji, meno yakiwa yametayarishwa kwanza kwa nyaya.

6. Vifuniko angavu

Wazo la kusogeza meno kwa kifuniko badala ya waya ni la zamani kuliko linavyodhaniwa. Mwaka 1945 Harold Kesling wa Indiana alieleza kifaa cha mpira kilichofinyangwa juu ya kielelezo cha meno yaliyokwisha kupangwa upya kwa nta, ili kikamilishe marekebisho madogo baada ya nyaya kutolewa. Aliandika pia kwamba mfululizo wa vifaa hivyo ungeweza kusogeza meno kwa umbali mkubwa zaidi, ila kwa wakati huo kazi hiyo haikuwa na wepesi wa kutekelezeka. Henry Nahoum alieleza mwaka 1964 vifuniko vya plastiki vilivyofinyangwa kwa mvuto wa hewa, Robert Ponitz akafuata mwaka 1971, na John Sheridan mwaka 1993. Kilichokosekana ni njia ya kutengeneza vielelezo vingi, kila kimoja kikitofautiana kidogo na kilichotangulia, bila fundi kukata na kupanga nta usiku kucha.

Njia hiyo ilitoka kwenye kompyuta. Mwaka 1997 Zia Chishti na Kelsey Wirth, waliokuwa wamesoma biashara Chuo Kikuu cha Stanford, walianzisha kampuni ya Align Technology huko California. Mwaka uliofuata mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu kifaa chao, Invisalign. Programu huonesha meno yakisogea hatua kwa hatua kutoka yalipo hadi yanapotakiwa, na kila hatua, kwa kawaida isiyozidi takriban robo ya milimita kwa jino, hugeuzwa kuwa kifuniko. Mgonjwa huvaa kila kifuniko kwa saa 20 hadi 22 kwa siku, kwa wiki moja au mbili. Hataza kuu za awali zilipoanza kuisha mwaka 2017, kampuni nyingine ziliingia sokoni kwa wingi.

Katika historia ya mstari wa kati, programu hiyo ilileta jambo jipya. Mbele ya uso wa meno yanayoonekana kwenye kioo cha kompyuta huweza kuchorwa mstari wima, na mkengeuko husomwa kwa sehemu za milimita. Timazi iliyokuwa uzi mkononi mwa tabibu ikawa nambari ambayo hata mgonjwa huiona. Mwisho wa tiba nao huoneshwa kabla tiba haijaanza, mistari miwili ikiwa imekutana bila dosari.

Picha hiyo, hata hivyo, ni mpango. Utafiti wa Kravitz na wenzake wa mwaka 2009 ulipata kwamba kwa wastani asilimia 41 ya msogeo uliopangwa kwa meno ya mbele ndiyo iliyopatikana. Utafiti wa Haouili na wenzake wa mwaka 2020, uliofuatilia maendeleo ya kifaa hicho hicho, ulipata asilimia 50. Sababu mojawapo inarudisha mjadala kwa Fauchard. Kifuniko hukamata taji, na taji huinama kwa urahisi kuliko mzizi unavyosogea. Matabibu huongeza vinundu vya resini kwenye meno ili plastiki ipate mahali pa kushika, hupunguza upana wa meno kidogo kidogo, na hukata ncha za kifuniko ili raba zining'inizwe.

Hivyo jibu la swali la nyaya au vifuniko hutegemea chanzo. Mkengeuko wa milimita moja au mbili uliotokana na mwinamo wa mataji unaweza kurekebishwa kwa vifuniko, kwa sababu kuinamisha ndiko wanachokiweza vizuri. Safu nzima inapohitaji kusogezwa upande mmoja, mizizi na yote, kibanio na waya wa mstatili humpa tabibu udhibiti mkubwa zaidi, na kifaa chochote kitakachotumika bado kitategemea raba au skrubu. Pale raba zinapohusika, mafanikio yako mikononi mwa mgonjwa, awe amevaa chuma au plastiki. Na pale mfupa unapohusika, swali la kifaa gani ni swali la pili.

7. Jicho la nani?

Ilhali vifaa vilipanuka, swali la nani huona mkengeuko lilichelewa kupata watafiti. Mwaka 1979 Miller na wenzake walichapisha matokeo yaliyopaswa kutikisa dhana ya ukamilifu. Mstari wa juu ulilingana na katikati ya uso kwa takriban asilimia 70 ya watu waliopimwa, lakini mistari ya juu na ya chini haikukutana kwa robo tatu yao. Kwa maneno mengine, mistari inayokutana kabisa ni hali ya wachache. Mwaka 1998 Beyer na Lindauer walipata kwamba wastani wa mkengeuko unaovumilika kwa watazamaji ulikuwa milimita 2.2. Mwaka 1999 Kokich na wenzake waliripoti kwamba wataalamu wa othodontia waliutambua mkengeuko wa mstari wa juu ulipofika milimita 4, ilhali matabibu wa kawaida na watu wasio wataalamu hawakuutambua hata hapo.

Vipimo rasmi vya Uingereza vinaonesha utata huo huo kwa namna nyingine. Kipimo cha haja ya tiba kilichochapishwa na Brook na Shaw mwaka 1989, ambacho baadaye kilikuja kuamua ni nani anayestahili kutibiwa kwa fedha za umma, hakikuupa mstari wa kati nafasi yake wenyewe katika sehemu ya afya ya meno. Kipimo cha matokeo ya tiba kilichochapishwa na Richmond na wenzake mwaka 1992 kiliupa mstari huo uzito wa mara nne. Mkengeuko haukumfanya mtu astahili tiba, lakini tiba ikishaanza, mstari ulipimwa kama ushahidi wa kazi nzuri. Kile kisichokuwa ugonjwa mlangoni kiligeuka kuwa alama ya ufundi wakati wa kutoka.

Historia hiyo inaigusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Mwaka 2009 Mtaya, Brudvik na Åstrøm walichapisha uchunguzi wa wanafunzi 1,601 wa umri wa miaka 12 hadi 14 katika shule za Kinondoni na Temeke, Dar es Salaam. Asilimia 63.8 walikuwa na angalau hitilafu moja ya mpangilio wa meno. Iliyoongoza ilikuwa kuhama kwa mstari wa kati, asilimia 22.5, ikifuatwa na nafasi baina ya meno za milimita 2 au zaidi, asilimia 21.9.

Takwimu hizo ni za thamani, na zinahitaji kusomwa pamoja na historia iliyoelezwa hapo juu. Zaidi ya mtoto mmoja katika kila watano amehesabiwa, lakini hesabu ya namna hiyo haisemi ni wangapi waliopoteza chonge la utotoni mapema, ni wangapi ambao taya huteleza pembeni wanapofunga kinywa, na ni wangapi waliowahi kuumia taya. Kundi la pili lingenufaika na tiba rahisi na ya mapema. La tatu linahitaji kuonwa na daktari wa upasuaji. La kwanza, kwa sehemu kubwa, lingekingwa kwa kuziba meno ya utotoni yaliyotoboka badala ya kuyang'oa. Makundi yote matatu yakiwekwa chini ya jina moja, huduma ya umma haipati mwongozo, na mzazi mwenye uwezo huuziwa kifaa kabla ya kupewa jibu.

Kuna pia suala la nafasi baina ya meno. Utafiti huo ulihesabu nafasi za kila mahali katika safu, si za mbele pekee. Lakini katika jamii za Waswahili mwanya kati ya meno mawili ya mbele ya juu huhesabiwa kuwa pambo, na neno lenyewe hutamkwa kwa sifa. Kwa mwenye mwanya, katikati ya meno ni nafasi iliyo wazi na si mpaka wa jino na jino. Kifuniko au waya unaofunga nafasi zote ili kupata mstari ulionyooka hufuta kile ambacho mwenyewe na watu wake huenda walikiona kuwa uzuri. Tabibu anayeuliza kwanza hapotezi kitu.

8. Hitimisho

Makala haya yamefuatilia mstari wa kati wa meno katika nafasi tatu za kihistoria. Kwa Angle ulikuwa dalili ya mfungano usiolingana nyuma. Baada ya Tweed uliweza kuwa lengo lenyewe, ambalo jino zima lingeweza kutolewa kwa ajili yake. Katika zama za programu na vifuniko angavu umekuwa nambari inayoonekana kwa mgonjwa kabla ya tiba kuanza. Kila nafasi iliongeza uwezo wa kuurekebisha mstari, na kila moja ilirahisisha kusahau kuuliza ulihama kwa nini.

Kutokana na hayo, mapendekezo mawili yanajitokeza. Kwanza, tafiti zijazo za hali ya meno ya watoto katika Afrika Mashariki zirekodi chanzo cha mkengeuko pamoja na kiasi chake. Kipimo cha kufungua na kufunga kinywa hakigharimu chochote, nacho peke yake kingetenganisha wanaohitaji tiba ya mapema na wasioihitaji. Pili, maoni ya wenye meno yaingizwe katika vipimo vya haja ya tiba, ili milimita mbili zisiwe ugonjwa kwa sababu tu zimepatikana kifaa cha kuziona. Timazi ni chombo kizuri mkononi mwa mwashi, kwa kuwa ukuta usionyooka huanguka. Tabasamu lililoelemea kidogo halianguki, na mara nyingi anayelitazama hata hajui kwamba limeelemea.